Mitungi ya Wageni

Wapo wanaosema kwamba Mama Jiko alivunja kabati la kituo kwa sababu ya hasira. Hasira alikuwa nayo, tena ya kuwagawia watu na nyingine ikabaki. Lakini mtu mzima habebi mchi wa kinu na kuuvusha ua mzima kwa hasira tupu. Aliubeba baada ya kuomba kwa adabu, akaomba tena kwa machozi, na mara zote mbili akajibiwa kwamba mumewe hakuwa mgeni.

Kituo chenyewe kilijengwa juu ya uwanda wa mawe, mahali ambapo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kuivisha maharagwe, na ambapo mtu aliyetoka bondeni hupanda ngazi chache tu akasimama kuhema kama aliyebebeshwa gunia. Hapo yalipangwa matangi makubwa ya maji, safu baada ya safu, kila moja likiwa na kifuniko kizito na giza ndani yake. Wataalamu walikuwa wakitega mvua isiyolowesha. Daktari wa kituo, ambaye alikuwa daktari wa miale ya anga na wala si wa watu, ingawa wafanyakazi hawakuchoka kumpelekea meno na migongo yao, aliwahi kumweleza Mama Jiko jambo hilo jikoni kwa kutumia unga. Chembe moja, alisema, hutoka mbali kupita nyota tuzionazo, huja kwa kasi isiyo na mfano, hugonga hewa juu kabisa na kuvunjika. Vipande vyake navyo hugonga na kuvunjika, hadi kile kimoja kinakuwa maelfu, na vyote hunyesha chini kwa pamoja kama unga unaopulizwa kutoka kiganjani. Akapuliza. Meza nzima ikawa nyeupe. Vipande hivyo vikipita ndani ya maji yenye giza huacha mwanga hafifu wa buluu, na jicho la kioo lililofungwa ndani ya tangi huuona. Tangi lipi limetangulia kuona na lipi limefuata, kwa hayo wataalamu hujua chembe ile ilitoka upande gani wa mbingu.

"Sasa mbona mkaja kutegea huku juu?" Mama Jiko alimuuliza huku akiifuta meza yake. "Kwani huko chini hakuna mbingu?"

"Mbingu ipo, Mama. Lakini chini hewa ni nzito, inayameza manyunyu kabla hayajafika ardhini. Huku hewa ni nyembamba, tunayadaka yakiwa bado mengi."

"Basi hewa nyembamba ndiyo riziki yenu."

"Na yako pia, Mama."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa kweli wakati huo.

Mume wa Mama Jiko, ambaye kila mtu alimwita Fundi, ndiye aliyeyasafisha matangi hayo kabla hayajajazwa. Kazi hiyo ina namna yake. Fundi huvaa ovaroli safi na soksi mpya, huteremka kwa ngazi ndani ya mfuko mweusi uliotandazwa tangini, kisha kifuniko hurudishwa juu ya kichwa chake, kwa kuwa jicho la kioo likishafungwa mahali pake halipendi kuliona jua. Humo ndani huruhusiwa taa nyekundu peke yake. Hupiga magoti na kupangusa kila kunjo la mfuko kwa kitambaa, polepole, mpaka mtu angeweza kuulamba asionje vumbi.

Alikuwa mzaliwa wa uwanda huo huo, yeye na mababu zake. Hata hivyo, alikuwa ameshuka bondeni kumuuguza mama yake, akakaa huko mwezi mzima na zaidi, kwenye joto na hewa nzito, mpaka bibi yule akaweza kusimama mwenyewe. Aliporudi alipanda kwa gari kwa asubuhi moja tu. Mlangoni mwa kituo lilikuwapo bango lililosema kwamba kila anayepanda kutoka bondeni apumzike siku mbili kabla hajagusa kazi. Fundi alisimama mbele ya bango hilo, begi begani, naye Msimamizi wa kituo akamcheka.

"Hiyo ni ya wageni, bwana! Wewe milima imo damuni. Wafadhili wanakuja keshokutwa na safu ya mwisho haijaguswa."

"Safari imenichosha kidogo, mkuu."

"Utapumzika humo humo tangini. Hakuna jua, hakuna nzi, unataka nini tena?"

Waliokuwapo walicheka, na Fundi mwenyewe akacheka pamoja nao. Ndiyo hulka yake. Ni mtu wa kujikaza kisabuni, ambaye jino likimuuma husema anatafuna.

Siku hiyo aliingia tangini, na siku ya pili pia. Jioni alianza kukohoa. Alipofika kitandani alikataa kulala, akakaa ameegemea ukuta na kudai kwamba mto umepungua. Mama Jiko alimsihi asiende kazini kesho yake. Akaenda, kwani wageni ndio hao walikuwa wanakuja, na safu ya mwisho ilikuwa imebakiza tangi moja.

Asubuhi hiyo Mama Jiko aliacha sufuria zake motoni, akachukua birika la chai na kulivusha hadi uwanjani. Mwenzake Fundi wa zamu alikuwa ameketi juu ya kifuniko, miguu ikining'inia.

"Mume wangu hajambo?"

"Hajambo kabisa, Mama Jiko. Nimemchungulia sasa hivi. Midomo myekundu kama ya bwana harusi."

"Kwa taa ipi?"

 Chini ya taa nyekundu midomo ya watu wote ni myekundu, na pengine hata ya maiti.

Mama Jiko aligonga ubavu wa tangi kwa ngumi. "Baba watoto! Toka unywe chai!" Yule bwana wa zamu akashuka upesi na kukiondoa kifuniko. Mama Jiko akagonga tena. Hatimaye ukatokea mkono, kisha kichwa, kisha mkono mwingine uliokuwa ukiitafuta ngazi kama mkono wa kipofu. Fundi alipanda hatua moja akapumzika, akapanda nyingine akapumzika, na jua lilipompiga usoni mkewe aliliachia birika. Midomo ilikuwa ya majivu. Kucha zilikuwa zambarau. Kila alipovuta pumzi kifua kilitoa sauti ya maji yanayotokota katika chungu kidogo, na alipokohoa, alichotema kilikuwa povu la rangi ya waridi.

"Usipige kelele," alisema Fundi kwa sauti ya kukwama. "Wageni."

Waliosoma watanisamehe, lakini neno hilo Mama Jiko hakulisamehe. Mtu anazama nchi kavu, na pumzi iliyombakia anaitumia kuwastahi wageni!

Walimkokota hadi chumba cha Daktari. Palikuwa na kidude cha kubana kidoleni, chenye kuonyesha damu imebeba hewa kiasi gani, ambacho wageni wote hupimwa nacho wanapofika. Daktari alikibana kwenye kidole cha Fundi, akatazama namba, akahamisha kidole, akatazama tena. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Mama, mimi si daktari wa watu. Ila hii haihitaji mtu awe daktari. Maji yameingia mapafuni. Ashuke chini, sasa hivi, na njiani avutishwe oksijeni. Akikaa huku mpaka jioni..." Hakumaliza. "Tena nilimwona juzi akiingia na begi. Nikampungia mkono. Sikuwaza hata kidogo kwamba naye ametoka bondeni kama wengine."

"Utajilaumu baadaye, mwanangu. Gari liko wapi?"

Gari lilikuwa uani, limeoshwa likang'aa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Dereva wake alikuwa mdogo wake Fundi, yaani shemeji yake Mama Jiko, naye alikuwa akingoja amri ya kushuka kuwapokea wageni kwenye lango la chini, mahali ambapo lami huishia. Gari lilikuwa likishuka tupu. Mtu mwenye akili timamu angedhani kwamba jambo limekwisha hapo.

Msimamizi alikuwa ukumbini akipanga viti, tai yake ikiwa begani ili isichafuke. Mama Jiko alifuta mikono kwenye aproni, akasimama kwa heshima.

"Mkuu, naomba mtungi mmoja wa oksijeni na nafasi garini. Mume wangu amezidiwa."

"Mitungi ile ni ya wageni, Mama Jiko. Kila mgeni na wake. Watu wa bima wamesema hivyo. Mwaka jana mgeni mmoja alianguka hapa tukawa na mtungi mtupu; nusura nifukuzwe kazi. Sirudii kosa."

"Huyu ndiye anayeanguka leo, mkuu."

"Huyu ni mzaliwa wa hapa! Umewahi kusikia samaki amezama?"

"Daktari amempima. Mwulize."

"Daktari apime miale yake." Alisogeza kiti, akakirudisha pale pale. "Haya, amechoka, sikatai. Mlaze kile chumba cha nyuma, mfunike vizuri. Wageni wakiondoka jioni, gari nitakupa mpaka mlangoni kwenu."

"Gari linashuka sasa, tena tupu!"

"Ili wageni wafungue mlango wakutane na mtu anayetokwa na povu? Watasema kituo hiki kinaua watu. Nani atalipa mishahara, wewe?"

Hapo ndipo Mama Jiko alipoomba mara ya pili. Machozi yalimtoka bila idhini yake, akayaacha yatoke, maana aliambiwa tangu utotoni kwamba chozi la mtu mzima haliangushwi bure. Msimamizi aliyatazama yakidondoka, kisha akasema kwa upole, tena kwa upole wa kweli, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi:

"Basi, Mama Jiko. Rudi jikoni. Hayo machozi yataingia kwenye mchuzi."

Machozi yakakatika kama bomba lililofungwa.

Alipokuwa akirudi jikoni alipita kwenye kile chumba chenye mitambo, ambamo taa ndogo ziliwaka kila mara chembe zilipopita matangini. Ziliwaka zikazima, zikawaka zikazima. Chembe iliyozaliwa pasipojulikana, isiyo na mama wala jina, haikuweza kupita juu ya uwanda ule bila kuhesabiwa, kupimwa na kuandikiwa njia yake. Lakini mwanamume aliyeyapangusa matangi hayo akiwa amepiga magoti alikuwa akipungukiwa na pumzi hatua chache kutoka hapo, na aliyepewa dhamana juu yake alikuwa akinyoosha viti! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Haya, tumelizoea hilo. Lakini je, anayepumua hamjui anayekata roho?

Alizima majiko yote. Akachukua mchi.

Kabati la oksijeni lilikuwa kwenye baraza ya chumba cha wageni, na kufuli lake lilikuwa jipya. Pigo la kwanza lilikwaruza rangi. La pili lilimtia ganzi hadi begani. La tatu liling'oa kitasa pamoja na kipande cha ubao, na kufuli likaenda kujibiringisha ukumbini, likakomea miguuni pa Msimamizi. Daktari alitokea nyuma ya Mama Jiko, akiwa amemshika Fundi kwapani. Mama Jiko alidhani atazuiwa, akaugeuza mchi.

"Chukua miwili, Mama," Daktari alisema. "Mmoja hautafika chini."

Walimfunga Fundi kinyago usoni, wakamwingiza garini, juu ya kile kitambaa cheupe, akiwa na ovaroli yake. Mama Jiko aliketi kando yake na mtungi mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Shemeji yake alibaki ameshika usukani bila kugeuka.

"Shemeji, nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa."

"Nina watoto, shemeji."

"Huyu pia anao, nawajua kwa majina. Ninyi wawili mlilala tumbo moja. Kama kazi ndiyo ndugu yako, mshushe huyu hapa, ukaendeshe kazi."

Dereva aliwasha gari. Halijatoka langoni, Msimamizi akalikimbilia, akajirusha kiti cha mbele huku akihema, kwa sababu hakuweza kuwaacha wafadhili wafike lango la chini wasimkute mtu. Njia nzima hakunyamaza. Alisema kuhusu kabati, kuhusu ubao wake, kuhusu nidhamu, kuhusu wanawake wanaosikiliza watu wenye shahada.  Mama Jiko alikuwa akitazama ukungu ndani ya kinyago: unakuja, unatoweka, unakuja. Kila kona gari lilipoteremka alihisi hewa ikinenepa, au alijipa moyo kwamba anahisi.

"Baba watoto, vuta."

"Ninavuta."

"Vuta kama unavyovuta blanketi langu."

Ukungu ulitikisika ndani ya kinyago. Alikuwa amecheka, na hapo ndipo mkewe alipoogopa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa aligundua ni kiasi gani angeikosa sauti ile.

Langoni wageni walikuwa wamesimama vumbini na makoti yao mazito, wamechoka kungoja. Msimamizi aliruka chini akiwa tayari ametabasamu. Kisha akainama dirishani, tabasamu likiwa bado mahali pake, akamnong'oneza dereva:

"Mtoe mmlaze kwenye kibanda cha mlinzi. Hapa hewa ni nzuri sasa, ameshapona. Wageni wapande."

"Hospitali bado iko mbele, mkuu."

"Nimesema mtoe!"

Mgeni mmoja, bwana mwenye kofia pana, alikuwa amesogea na kuchungulia. "Huyu ana nini?"

"Mfanyakazi wetu, mheshimiwa. Mzaliwa wa hapa. Amechoka tu."

Mwanamke mmoja kati yao akatazama saa yake. "Tuliambiwa tungeona manyunyu yakionyeshwa mchana. Tutachelewa?"

Mama Jiko alifungua mlango wa gari. Hakushuka, aliweka mguu mmoja tu nje, ili asikike.

"Hamtachelewa, mama. Hayo manyunyu hayamngoji mtu na hayamkimbii mtu. Yameanza kabla ya babu zenu, na kesho yatakuwapo. Mume wangu ndiye asiyejulikana kama kesho atakuwapo. Mnaambiwa amechoka. Hakuchoka! Alitoka bondeni kama ninyi, akafanyishwa kazi siku hiyo hiyo, kwa sababu bango ni la wageni. Akakosa pumzi, akanyimwa mtungi, kwa sababu mtungi ni wa wageni. Nikaomba gari lililokuwa likishuka tupu, nikaambiwa viti ni vya wageni. Wageni ndio ninyi. Sikujua mna njaa ya hewa kiasi hicho!"

Yule mwanamke aliishusha saa. Bwana mwenye kofia alimgeukia Msimamizi, naye Msimamizi akaanza kusema jambo kuhusu watu wa milimani na namna wanavyopenda kukuza mambo.

Shemeji yake Mama Jiko, ambaye tangu utotoni alijulikana kwa kunyamaza, alijinyoosha na kuufunga mlango wa mbele, ule aliotokea Msimamizi. Akaufunga kwa kitasa cha ndani.

"Mkuu," alisema kupitia dirishani, "wageni wako ndio hao. Wapokee."

Akatia gia. Msimamizi alibaki katikati ya barabara, vumbi likimpanda suruali, na wafadhili wake wakiwa wamemzunguka na mabegi, kila mmoja akiwa na swali.

Hospitalini waliwapokea bila maneno mengi. Daktari wa pale, huyu sasa wa watu, aliweka chombo chake kifuani pa Fundi, akasikiliza mbele na nyuma, akauliza Fundi alikuwa wapi mwezi uliopita. Alipojibiwa alitikisa kichwa.

"Tunawapata kila mwaka. Mtu wa milimani akikaa sana chini, mapafu yake hulegea kama ya mtu wa bondeni. Akirudi kwa pupa anaweza kuugua kama mgeni yeyote, na pengine zaidi, maana hakuna anayemtilia shaka. Mngengoja jioni mngeniletea maiti."

Mama Jiko alikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Kufikia siku ya pili midomo ilikuwa imerudi kuwa midomo. Siku ya tatu Fundi alianza kuwa na haya, dalili kwamba anapona. Aliomba shati. Aliuliza kabati limevunjika kiasi gani, na alipoambiwa alifumba macho.

"Mama watoto, ukirudi juu umwombe radhi mkuu. Kwa ajili ya kufuli tu."

"Kufuli nitalitengeneza."

"Umwombe na radhi."

"Mwombe wewe, ukiwa na pumzi ya kutosha. Mimi ya kwangu niliimaliza kumwomba mtungi."

"Watatufukuza."

"Wakitufukuza, watufukuze sote wawili. Nilikuwa nakaribia kufukuzwa peke yangu, nikiwa mjane."

 Fundi alitafuta mkono wa mkewe juu ya shuka, nao ukapatikana, lakini haukulegea.

Walikuwa katika hali hiyo Msimamizi alipotokea kwenye mlango wa wodi. Hakuwa na tai. Alikuwa amebeba mfuko wa machungwa, akiushika kwa mbali kana kwamba ni wa mtu mwingine. Fundi alijaribu kuketi wima kwa heshima; mkewe alimrudisha kwenye mto wake kwa kidole kimoja.

"Hodi," alisema Msimamizi.

Hakuna aliyemkaribisha. Aliwatazama wagonjwa wengine, akatazama mitungi mirefu iliyosimama kando ya vitanda, kila kitanda na wake, bila kabati wala kufuli. Akakohoa kidogo.

"Fundi, pole sana. Wafadhili wamekuulizia. Nimekuja kukupa pole, lakini na ninyi mnajua kwamba..."

"Simama hapo hapo," Mama Jiko alisema.

Hakupaza sauti. Hata muuguzi aliyekuwa akipita alisimama.

"Umekuja na pole, tumeiona. Umekuja na machungwa, Mungu akuzidishie. Lakini hiyo 'lakini' uliyokuja nayo haina kitanda humu. Toka nayo, uimalizie huko nje pamoja na ukuta. Ukibaki na pole peke yake, rudi, kiti kipo."

Msimamizi alimtazama Fundi, akitumaini msaada wa mwanamume mwenzake. Fundi alikuwa akitazama dari.

Akatoka. Walisikia hatua zake zikienda hadi mwisho wa baraza, zikasimama. Machungwa yalibaki kizingitini, na Mama Jiko hakuinuka kuyachukua. Alimfunika mumewe, akamwambia avute pumzi taratibu, akageuza kiti chake kielekee mlangoni, akangoja.